Faraja ya Shangazi Saveria

Nyumba iliyofiwa haiwashi jiko. Hiyo ndiyo sheria ya Roccamura, na haijaandikwa popote kwa sababu hakuna asiyeijua. Mtu akikata roho majirani ndio wanaopika, siku tatu mfululizo: asubuhi kahawa, mchana supu ya kuku, jioni nyama. Chakula hicho kinaitwa faraja, na kila faraja ina deni lake. Uliyeletewa, utapeleka. Usipopeleka, siku yako ikifika wanao watatafuna mkate mkavu, na mlima mzima utajua kwa nini.

Annunziata Procopio, mpishi wa Nyumba ya Wazee ya Santa Gaudiosa, aliijua sheria hiyo kabla hajajua kusoma. Hakujua tu kwamba ipo siku atafurahi kumwona maiti.

Ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka, na miezi minane ilishapita tangu ofisi ya afya ya kule mjini iache kulipa. Nusu ya gharama ya mzee hutoka kwenye pensheni yake mwenyewe. Nusu ya pili ni ya serikali ya mkoa, na mkoa ulikuwa umelala fofofo. Pensheni za wazee ziliishia kwenye dawa na gesi ya kupasha vyumba joto, maana huku juu baridi haina adabu. Chakula kikabaki mikononi mwa Mungu na Nunziata. Mwenye nyumba, Gesualdo Barillà, aliishi mjini pwani, na watu wote walimwita Daktari ingawa hakuwahi kutibu hata mafua. Kwetu ukisoma sheria miaka minne unaitwa daktari mpaka kaburini. Kila Jumatatu Daktari huyo alipiga simu ofisini, na kila Jumatatu aliambiwa faili liko mezani. Meza ya nani, hakuambiwa.

Nunziata mwenyewe hakuwa ameona mshahara tangu Septemba. Wenzake wawili wa jikoni walishakwenda zao Milano kupikia wazee wa watu wengine. Yeye alibaki. Mumewe alikuwa amekufa, binti yake ameolewa mbali, na wale wazee thelathini na mmoja alishawazoea. Mazoea yana taabu. Asubuhi alikwenda na kisu kando ya barabara kuchuma mboga chungu zinazojiotea bure, na mchana alizichemsha na dengu chache, chumvi, na maneno ya kuchekesha.

Nicodemo wa bucha alikuwa amefunga daftari la mkopo tangu Krismasi.

"Dada Nunziata, na wewe sina ugomvi," alimwambia huku akifuta mikono kwenye aproni. "Serikali ndiyo siiamini. Siku ikilipa, njoo na toroli."

Basi mapema mwezi ule akafa Cosimo wa chumba namba nne. Alikuwa mzee mkorofi. Mwanawe yuko Toronto na simu hapokei. Nunziata alikuwa anafikiria atamvika soksi zipi, mlango ukagongwa, na mlangoni amesimama Ippolita, mke wa huyo huyo Nicodemo wa bucha, kakumbatia chungu cha supu.

"Cosimo hana mtu," Ippolita alisema. "Nyumba yake ilikuwa hii. Faraja hupelekwa nyumbani kwa marehemu, ama vipi?"

Siku tatu vyungu vilipanda mlima. Kwa mkopo hakukuwa na nyama, kwa maiti ikapatikana. Wazee walikula mpaka wakasinzia mezani, na Nunziata, akipangusa sahani, alijikuta anaimba. Aliponyamaza aliona haya mpaka masikio yakamchoma.

Aliyemsikia akiimba alikuwa Shangazi Saveria.

Saveria Laganà alikuwa na miaka tisini na moja, hana mume, hana mtoto, na ulimi wake ulikuwa bado una meno ingawa kinywa hakikuwa nayo. Miaka sitini yeye ndiye aliyepanga zamu za faraja pale Roccamura. Nani apeleke siku ya kwanza, nani ya pili, nani alileta kuku mkonda mwaka ule naye sasa alipe: yote hayo yalikaa kichwani mwake. Na hakuna nyumba iliyofiwa ambayo yeye mwenyewe hakuipelekea chochote.

"Cosimo," alisema akiwa ameketi karibu na dirisha la jikoni. "Mtu aliyempiga mkewe miaka thelathini. Kafa, kaleta mbuzi. Mimi je, nitaleta nini?"

"Shangazi, kula dengu zako."

"Dengu gani? Haya ni maji yaliyopita jirani na dengu." Alisukuma bakuli kando. "Nihesabie, mwanangu. Nimepeleka miaka sitini. Nimeletewa lini? Alipokufa mama, mwaka wa mafuriko. Basi. Roccamura yote nimeiweka hapa," akagonga paji la uso, "wananidai salamu tu, mimi nawadai ng'ombe mzima."

"Ishi wewe. Deni halikimbii."

"Deni halikimbii, ila mdai anakimbia," Saveria alijibu.

Nunziata alicheka, na hapo ndipo alipokosea. Alidhani mzee anapiga soga.

Jumatatu iliyofuata Daktari Gesualdo alipiga simu akiwa na sauti ya sikukuu. Faili limesainiwa. Ijumaa pesa zinaingia.

"Ijumaa ipi, Daktari?"

"Hii hii. Nimeona sahihi kwa macho yangu."

"Na mimi nimeona gunia la unga limebaki robo, kwa macho yangu."

"Vumilia, Nunziata. Ijumaa."

Jumanne jioni Saveria alimwomba simu. Alitaka kumsalimia Agostino, alisema, yule fundi anayechapa karatasi za vifo, zile zenye msalaba na pindo jeusi ambazo kwetu hubandikwa ukutani kila kona ili kijiji kijue nani ametutoka. Zake Saveria alizilipia zamani, alipochagua pia gauni la kuzikwa nalo. Nunziata alimwachia simu akaenda kufunga madirisha. Aliporudi, mzee alikuwa ameiweka simu mezani na kuifunika kwa leso, ameketi na uso mtulivu.

Asubuhi ya Jumatano mlango uligongwa. Ippolita tena, nguo nyeusi juu hadi chini, mikononi sufuria kubwa ya shaba ambayo mfuniko wake umefungwa kwa kitambaa.

"Pole sana, dada," alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli. "Tumeona karatasi. Nilimpenda sana, jamani. Alinipikia nilipojifungua, alipika kwenye msiba wa mama yangu."

Nunziata hakuelewa. Kisha akaelewa yote kwa pamoja. Nusu saa tu iliyopita alikuwa amempelekea Saveria kikombe cha kahawa ya shayiri, na mzee alilalamika kwamba hakina sukari. Nyuma yake, ukumbini, wazee walishaanza kugonga vijiko. Chini ya kile kitambaa ilipanda harufu ya mwanambuzi na viazi na majani ya kunukia, na mate yalimjaa mdomoni kabla ya fikra kumfika kichwani. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa ilikuwa bado siku mbili.

"Tunaweza kumwona?" Ippolita aliuliza.

Neno moja lilitosha. Mzima. Angelisema, wangecheka wote wawili, na sufuria ingerudi ilikotoka.

"Mganga bado hajaja kuandika cheti," Nunziata alisema. "Njooni jioni, kwenye rozari." Akanyoosha mikono, akapokea sufuria.

Chumbani Saveria alikuwa amelala chali na gauni lake la kuzikwa nalo, rozari vidoleni, miguu imebanwa pamoja. Alifungua jicho moja.

"Nani wa kwanza?"

"Ippolita."

"Na nini?"

"Mwanambuzi."

"Mmoja? Mkwewe alipokufa nilipeleka wawili."

"Shangazi, umenifanya mwongo!"

"Mimi nimedanganya kwa simu," Saveria alisema, akafumba jicho. "Wewe mlangoni umedanganya mwenyewe. Pakua, wasije wakala kimepoa."

Siku ile vilikuja vyungu ishirini na vitatu. Ilikuja supu ya kuku yenye mafuta ya dhahabu juu, makaroni ya oveni, soseji za pilipili, jibini la kondoo, machungwa kwa kapu. Watu walileta na historia: huyu alipelekewa maharage mwaka aliofiwa na mume, yule mikate kumi na miwili theluji ilipofunga njia. Nunziata alipokea, akashukuru, akainamisha kichwa. Ukumbini mzee Filippo, ambaye kumbukumbu zilishamtoka, alimlilia Saveria kwa uchungu huku akipangusa sahani ya tatu kwa mkate. Nunziata alimtazama akashindwa kujua acheke au aone haya, akaongeza supu kwenye sahani yake.

Jioni walikuja na padri. Hakukuwa na pa kujificha. Mlango ulipofunguliwa walimkuta marehemu ameketi kitandani, kitambaa shingoni, anakunywa bakuli la supu.

Padri aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyejua kama anasali. Wengine hawakucheka. Kwetu mtu hachezei kifo. Ukikiita, kinaandika anwani.

"Umekula jasho letu, shangazi," alisema mmoja.

"Nimekula changu," Saveria alijibu. "Na kilichoingia nyumba ya faraja hakitoki tena. Mnaijua sheria, mimi ndiye niliyewafundisha."

Ippolita alisogea mpaka ukingoni mwa kitanda. Machozi ya asubuhi yalikuwa yamemkauka, na alizungumza polepole, bila kelele, kama mtu anayefunga hesabu dukani.

"Sawa, shangazi. Ulitudai, ni kweli. Leo tumelipa, kijiji kizima, mpaka wa mwisho. Siku ya kweli usitungoje."

"Siku ya kweli sitakuwa na njaa," alisema Saveria. Lakini walipotoka hakumalizia ile supu.

Alhamisi chakula kilibaki tele, na Nunziata aliamka akiwa na moyo mwepesi. Alijiambia kwamba dhambi ni ya siku moja na Ijumaa ni kesho. Ndipo gari la Daktari Gesualdo lilipoingia uani, yeye asiyepanda mlima ila Pasaka.

Alikuwa mweupe kama unga. Jumatano asubuhi mwenye baa alimpigia kumpa pole: karatasi ya Saveria iko ukutani. Sasa, alipokufa Cosimo, Daktari alichelewa siku moja kuitaarifu ofisi, na kwa siku hiyo moja faili zima lilirudishwa nyuma. Safari hii hakutaka kosa. Hakupiga simu juu kuuliza, kwa nini aulize? Kwetu karatasi ya ukutani haijawahi kusema uongo. Palepale akatuma taarifa ya kifo, na sahihi yake chini.

"Walijibu kwa dakika kumi," alisema, akikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti. "Miezi minane wamekuwa mabubu, Nunziata. Hili wamejibu kwa dakika kumi. Imepokewa, jina limeondolewa."

"Waambie yuko hai."

"Nimewaambia. Wanasema basi orodha na nyumba havilingani. Wamelisimamisha."

"Wamelisimamisha nini? Pesa za Saveria?"

"Faili," alisema Gesualdo. "Lote."

Nunziata alishika ukingo wa meza. Ile sufuria ya shaba ilikuwa juu ya jiko, imeoshwa, inang'aa, na ghafla hakutaka kuiona.

Jumatatu walimteremsha Saveria mjini kwa gari la Daktari, blanketi magotini, kitambulisho mfukoni. Waliketi saa tatu kwenye benchi na namba ya foleni mkononi. Kijana wa dirishani alikuwa na miwani na sauti ya upole, na upole ule ulimuudhi Nunziata kuliko angetukanwa.

"Mhusika ni nani?" kijana aliuliza.

"Mimi," Saveria alisema.

Kijana aliandika, akangoja, akatazama skrini. "Mhusika anaonekana amefariki."

"Na mimi nashangaa kama wewe. Hata mafua sina."

"Mama, ombi la kurekebisha kifo haliwezi kuletwa na marehemu. Linaletwa na ndugu."

"Sina ndugu."

"Basi ni vigumu kidogo."

Saveria alijivuta mpaka kioo cha dirisha kikapata ukungu wa pumzi yake. "Wewe ni wa nani?" aliuliza. Ndilo swali letu la kwanza kwa kila mtu, na hata aliyesoma namna gani hawezi kuliacha bila jibu.

Kijana alitazama huku na huku. "Wa kina Condello. Wa Fontanelle."

"Mjukuu wa Melina?"

"Melina ni bibi."

"Alipofiwa na babu yako nilipeleka maharage na ngozi ya nguruwe, na mvua ilinyesha mpaka punda akakataa daraja. Nikabeba mwenyewe, kichwani. Alinirudishia chungu na mayai sita ndani. Mwanamke mwenye adabu."

Kijana alivua miwani. Alikuwa mdogo zaidi bila miwani. Aliinama karibu na tundu la kioo.

"Shangazi, nakuona. Naamini uko hai," alinong'ona. "Lakini taarifa ya kifo ina sahihi ya mkurugenzi wenu. Kuifuta lazima tume ikae. Inakaa mara mbili kwa mwaka, na imekaa Januari."

"Na pesa za wenzangu?"

"Faili ni moja. Orodha ina watu thelathini kasoro mmoja. Nyumba ina thelathini. Vikilingana, linatembea. Visipolingana, limesimama."

"Thelathini kasoro mmoja," Saveria alirudia. "Kwa hiyo kama kweli ningekuwa nimekufa, lingetembea."

"Sikusema hivyo, shangazi."

"Hukusema, mwanangu. Msalimie Melina."

"Bibi alikufa mwaka juzi."

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Ningepeleka kitu."

Njiani kurudi Daktari aliendesha huku akinung'unika mwenyewe majina ya wanasheria wa kumwandikia ombi la kurekebisha. Mahali milozi ilipokuwa imechanua, nyeupe bila hata jani moja, Saveria aliomba gari lisimame. Aliitazama kupitia dirishani.

"Nilitaka kuwalisha," alisema mwishowe. "Nimewafungia jiko."

"Aliyepokea sufuria ni mimi," alisema Nunziata. Alisema kwa sauti kali, maana angelia. "Ningefunga mlango yasingetokea haya. Usijitwike ya kwangu."

"Basi tugawane. Wewe chukua sufuria, mimi nichukue simu."

Tangu siku hiyo sahani ya Saveria ilianza kurudi jikoni imejaa.

Mwanzoni Nunziata hakujali. Vyakula vya faraja vilikwisha, kilichobaki ni mboga chungu, na nani ana hamu na mboga chungu? Baadaye alianza kutazama. Mkate ulikuwa kwa Filippo. Dengu zilikuwa kwa jirani wa kitanda cha pili. Kikombe cha maziwa, ambacho Nunziata alikinunua kwa pesa zake za mwisho, alikikuta dirishani, paka akilamba.

"Kula, shangazi."

"Sina njaa."

"Nakuomba."

"Mimi maiti, Nunziata. Kifo changu kina mhuri. Maiti wakila, walio hai watakula nini?"

Nunziata alimgombeza, alimbembeleza, alimshika kidevu kama mtoto mchanga na kijiko mkononi. Mara moja alimpigia magoti. Saveria alimeza vijiko viwili ili amridhishe, akageuza uso. Mganga alikuja, akasikiliza kifua, akasema ni mapafu. Umri huo na baridi hii, alisema, mapafu hayahitaji sababu. Labda ni kweli. Nunziata mpaka leo hajui, na hiyo ndiyo inayomwamsha alfajiri.

Alikufa Jumatano, wiki mbili kamili baada ya kufa kwake kwa mara ya kwanza. Nunziata alimvika lile gauni, ambalo sasa lilikuwa na doa dogo la mchuzi kifuani. Alilisugua kwa sabuni na maji ya ndimu, halikutoka.

Akampigia Agostino.

"Safari hii ni kweli?" Agostino aliuliza.

"Ni kweli."

"Pole. Lakini karatasi alilipia za mara moja tu, dada. Nikichapa tena, nani atalipa?"

Nunziata alikata simu. Alichukua karatasi ya ratiba ya chakula ya wiki, akaigeuza, akaandika kwa mkono wake jina, umri na saa ya mazishi. Alizinakili zikawa tatu, akazibandika: moja kanisani, moja kwenye baa, moja mlangoni kwa bucha. Watu walizisoma wakapita. Wapo waliotabasamu.

Jumatano hiyo hakuwasha jiko. Nyumba ilikuwa imefiwa, na yeye alikuwa mtu wa Roccamura. Wazee walikula mkate na zeituni, na hawakulalamika. Walimwona uso wake. Alhamisi asubuhi manispaa ilitoa jeneza la mbao nyepesi, na nyuma ya jeneza walitembea Nunziata, padri, Daktari Gesualdo, na mzee Filippo aliyeuliza njia nzima ni nani aliyekufa.

Waliporudi ilikuwa karibu adhuhuri. Hiyo ndiyo saa ya faraja kubwa, ile ya kutoka makaburini. Nunziata alitandika meza ya ukumbini kwa kitambaa cheupe. Aliweka sahani ishirini na tisa. Kisha akavuta kiti mpaka mlangoni, akaketi, akatazama barabara.

Alimjua kila mtu aliyekuwa nyuma ya zile kuta za mawe. Alijua nani ana kuku wa kuchinja na nani ana bati la tambi. Walisema siku ya kweli asiwangoje, lakini watu husema, alijiambia. Mtu husema na hasira, halafu harufu ya kifo ikifika anachukua chungu. Kengele ilipiga saa sita. Ikapiga na nusu.

Ndipo akamwona Ippolita anapanda, nguo nyeusi, polepole kwa sababu ya goti. Nunziata alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. Machozi ambayo hakuyatoa makaburini yalimjia yote. Asante, alikuwa ameshaliweka neno tayari mdomoni.

Ippolita alifika kizingitini. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Pole, Nunziata," alisema, bila kumtazama machoni. "Nimekuja kuchukua sufuria yangu ya shaba. Kwa kina Morabito kuna mgonjwa, hafiki kesho. Nitaihitaji."

Nunziata alikwenda jikoni. Sufuria ilikuwa palepale, ameing'arisha mara ngapi hakumbuki. Alichukua na kitambaa kilekile cha kufungia mfuniko. Kwetu chombo cha faraja hakirudi kitupu. Huwekwa japo yai. Alitafuta, hakupata yai. Aliweka chungwa la mwisho, akaifunga, akaileta.

Ippolita alisikia chungwa likibiringika ndani. Alisimama kidogo.

"Alinipikia nilipojifungua," alisema.

"Najua. Uliniambia."

"Basi tu. Tulishalipa." Akateremka na sufuria yake.

Simu ililia kabla hajapotea kwenye kona. Daktari Gesualdo alikuwa anapiga kelele kutoka garini. Alikuwa ameondoa ombi la kurekebisha, ndilo pekee alilofanya, na orodha na nyumba vimelingana. Faili limetembea! Pesa zimeingia leo, miezi yote, isipokuwa siku kumi na nne za Saveria. Hizo ofisi haiwezi kulipa, kwa sababu kwenye vitabu vyao alikuwa ameshakufa.

"Mishahara kesho," alisema. "Umenisikia, Nunziata? Mpigie Nicodemo, mwambie alete nyama, alete chochote unachotaka. Leo wapikie kitu kizuri."

"Nimesikia," alisema Nunziata.

Alikata simu. Ukumbini vijiko vilikuwa vimeanza kugonga meza, pole pole, vijiko ishirini na tisa. Alimpigia Nicodemo, akaagiza kuku wanne wa supu, na Nicodemo akasema atawaleta mwenyewe sasa hivi, hata daftari hakulitaja. Kisha akafunga aproni, akajaza maji kwenye chungu kikubwa, akachukua kiberiti. Mkono ulikataa mara ya kwanza, na mara ya pili. Hakuna mwanamke wa ukoo wake aliyewahi kufanya alichokuwa anataka kufanya, ndani ya nyumba yenye msiba wa siku moja.

Vijiko viligonga. Akawasha jiko.